App Yetu Imekataliwa Tena

Jumatatu, 23 Machi

Mvua imeanza kwa hasira. Leo nilifua mashuka ya wageni kwa mama mmoja wa Loresho, nikayaanika, nikayaanua, nikayaanika tena. Jioni yule mama akaniuliza mbona hayajakauka, kana kwamba jua ninalo mimi mfukoni.

Shiru ametutumia ujumbe wanawake wote wa Kamba. Kamba ndiyo app yetu: mwenye nguo chafu anabonyeza, na aliye karibu kati yetu anapata kazi. Shiru ndiye aliyeitengeneza. Anataka tuandike kila app inapotusumbua ili ajue cha kurekebisha. Wenzangu wamecheka. Mimi niliishia darasa la saba huko kwetu Faza, lakini kuandika napenda, basi nimenunua daftari. Nikianza na app, najua nitaishia kwenye mengine.

Jumatano, 25 Machi

Shiru amekuja mwenyewe Kangemi kutueleza toleo jipya litakuwa na nini. Sababu ni Rael. Mwezi jana Rael alikwenda kufua mtaa wa Karen, pete ya mwenye nyumba ikapotea, akafungiwa kwenye chumba cha mfanyakazi hadi kesho yake. Pete ilionekana ndani ya gari lao wenyewe. Sisi huku tulikuwa tunampigia simu haipatikani, na hakuna aliyejua ameingia nyumba gani. Zamani, kabla ya app, tulikaa pamoja kwenye ukuta wa barabarani kungoja kazi, na mwenzetu akichukuliwa tuliona kachukuliwa na gari lipi. Sasa kila mtu anaitwa akiwa kwake na anaondoka peke yake. Tangu siku ile Rael hapokei kazi yoyote yenye geti. Anafua za majirani tu hapa Kangemi.

Toleo jipya liko hivi: ukiingia kazini unabonyeza, na wenzako uliowachagua wanaona kwenye ramani simu yako ilipo, mpaka utoke. Ukichelewa kutoka, simu zao zinalia.

"Hata kama job haikukuja na app," Shiru alisema. "Hata kama client amekupigia direct."

"Na lini?" Rael akauliza.

"Store wakikubali tu. Wiki hii."

Hilo duka analosema halina mlango wala mwenyewe anayeonekana. Ndimo simu inamochota app, na kuna watu ng'ambo wanaokagua kila kitu kabla hakijaingia.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua. Hakuna kazi.

Jumatatu, 30 Machi

Leo nimemshinda tapeli. Nilipata ujumbe wa Kiingereza, nikausoma polepole: mtu ameingia kwenye akaunti yako ya Kamba kutoka nchi nyingine, kama si wewe bonyeza hapa. Mwaka jana nililizwa na mtu aliyejifanya wa kampuni ya simu. Sina mchezo tena. Nikabonyeza. Ikauliza kama niifunge akaunti. Nikaifunga.

Mferejini, tunapochota maji, wote wamenisifu.

"Hawa makonmen wamefika mpaka Kamba?" Rael alisema. "Umewaweza, Mama Sahar!"

Jumanne, 31 Machi

App imekataliwa. Yule tapeli niliyemfukuza ndiye mkaguzi.

Shiru aliwapa akaunti yangu ili waingie waone app inavyofanya kazi. Alikuwa ameniarifu, lakini ujumbe wenyewe ulisema "kuna watu watatumia akaunti yako, usijali," na mimi mtu akiniambia nisijali kuhusu simu ndipo ninapoanza kujali. Niliufuta.

"Mama Sahar, ulibonyeza nini?"

"Nilibonyeza kwamba si mimi. Na kweli sikuwa mimi."

Shiru alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaifungua akaunti yangu upya. "Sasa tunarudi nyuma kwa line," alisema.

Rael naye hana adabu. Kila akiniona leo ananipigia saluti. "Soja wa Kamba! Umemfukuza mzungu mlangoni!"

Alhamisi, 2 Aprili

Caren amepata mteja Spring Valley. Caren ni msichana wa Busia, tunaishi ploti moja, chumba chake kinatazamana na changu. Anasema ni mzee anayekaa peke yake kwenye nyumba kubwa, geti la kijani. Amempa chai na mkate, na wakazungumza.

"Ni mtu poa, Mama Sahar. Anaongea na mimi kama mtu."

Nguo zenyewe zilikuwa mashati manne na taulo.

Pasaka, 5 Aprili

Wateja wote wamekwenda mashambani kwao. Nimempigia mama nyumbani, nikazungumza na mwanangu Sahar. Ameniuliza Nairobi kunanukiaje. Nimemwambia sabuni.

Jumanne, 7 Aprili

Wamekataa mara ya pili. Shiru ametusomea barua kwenye simu, akaitafsiri. Wanauliza kwa nini app itake kujua mtu yuko wapi hata wakati haijafunguliwa. Wanataka video inayoonyesha.

"Kwani hawajui mtu anafungiwa?" Rael alisema.

"Hawatujui, Aunty. Wanaogopa app za watu wanaofuata wake zao."

Sikuwa nimefikiria hilo. Kumbe kuna watu hivyo.

Alhamisi, 9 Aprili

Tumepiga video hapa plotini. Mimi nilikuwa mfuaji, Rael mwenye nyumba. Alivaa wigi la Caren na miwani, akashika mkoba kwa vidole viwili.

"Wewe! Hii blauzi ni ya Italy. Ukiiharibu nitauza figo yako!"

"Rael, hiyo haimo."

"Nyamaza, mimi ni tajiri."

Caren alishika simu akitetemeka kwa kicheko, ikabidi turudie. Kwenye video mimi ninaingia mlangoni, ninabonyeza, na kidoa changu kinatokea kwenye ramani ya simu ya Caren. Shiru aliiweka ile ya mwisho, ambayo Rael hakusema neno.

Jumatatu, 13 Aprili

Mzee wa geti la kijani ameomba mfuaji tena. Caren alikuwa na homa, nikaipokea mimi.

Askari wake wa geti anaitwa Oduor. Alinifungulia vizuri. Nilikuwa bado kwenye kokoto za njia ya gari, sijafika mlangoni, nikasikia sauti ya mwenyewe inatoka kwenye kijisanduku ukutani. Mtu simwoni, yeye ananiona.

"Wewe ni nani?"

"Khamisa, wa Kamba, mzee. Nimekuja kufua."

"Nilitaka yule mwingine."

"Anaumwa."

"Basi nitangoja apone."

Nikarudi na beseni langu. Oduor alikuwa anatazama chini. Mimi nimekataliwa mara nyingi kwa nguo zangu, kwa umri, hata kwa mtandio. Hii haikuwa hivyo. Mtu mwenye nguo chafu hangoji mfuaji fulani apone.

Nimemwambia Caren. Amesema, "Labda amezoea kazi yangu." Nimemwambia mashati manne hayana mazoea. Amekasirika.

Jumatano, 15 Aprili

Caren hanisemeshi. Mvua haikatiki.

Jumamosi, 18 Aprili

Wamekataa mara ya tatu. Nilikuwa nimechoka kusikia kwa simu, nikamwambia Shiru nataka kumwona uso kwa uso. Akaniambia nije Kenyatta Market.

Nilidhani tutakutana kwenye hoteli. Shiru ana kucha ndefu na Kiingereza cha puani, nilimweka kwenye kundi la watoto wa matajiri wanaocheza na simu kwa kuwa hawana la kufanya. Nimemkuta saluni kwa mama yake, Wangeci, anasuka. Wanawake watatu wamemzunguka mteja mmoja, Shiru yuko upande wa kushoto, vidole vinakwenda mbio, moshi wa nyama choma unaingia machoni. Hivyo ndivyo anavyolipia kompyuta zinazobeba Kamba.

"Wamesema haielezi kabla ya kuuliza ruhusa," aliniambia bila kuacha kusuka. "Na inaeleza! Ukurasa mzima. Lakini niliandika Kiswahili ndiyo nyinyi muelewe. Wao hawakuona maelezo, waliona tu maandishi."

"Weka Kiingereza."

"Nitaweka zote mbili."

Mama yake akatia neno. "Mwambie atafute kazi, Mama Sahar. Mimi akinisikia ni kama radio ya jirani."

"Mum, please."

"Please nini? Umekonda."

Kweli amekonda. Nilikuja na maneno makali, nikarudi nayo.

Jumatano, 22 Aprili

Paa linavuja juu ya kitanda. Nimeweka beseni, nalala nimejikunja kulizunguka.

Caren amenisemesha tena. Geti la kijani halipitii app siku hizi. Mzee anampigia mwenyewe.

"Ukienda niambie," nilisema.

"Sawa."

"Sema wallahi."

"Mama Sahar, mimi ni Mkatoliki."

Ijumaa, 24 Aprili

Mara ya nne. Nilikuwa mjini kununua sabuni ya jumla, nikapanda kwa Shiru. Amekodi meza tu, ghorofa ya nne, nyuma ya Biashara Street, chumba kina watu wengi na kila mmoja amevaa vipokea sauti kama hataki kujua mwenzake.

Barua ilikuwa ile ile. Neno kwa neno. Aliziweka mbili pamoja kwenye kioo nizione, na hata mimi na darasa langu la saba niliona hazitofautiani.

"Nimeweka maelezo. Nimeweka video. Nimeweka Kiingereza," alisema. "Ni kama hawaangalii. Ni kama naongea na ukuta."

"Itoe hiyo ya ramani," kijana wa meza ya pili alimwambia. "Toa tu, wata-approve leo."

"Nikiitoa inabaki nini?"

"Inabaki app."

Shiru alinitazama. Niliogopa atasema sawa. Nilimweleza habari za geti la kijani, kijisanduku ukutani, simu za kando. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, na wale wa vipokea sauti wakageuka.

Shiru alivuta kiti, akaanza kuandika rufaa.

Jumatatu, 27 Aprili

Rufaa haijajibiwa. Caren ameniahidi kesho mchana atanisaidia kusogeza kitanda.

Jumanne, 28 Aprili

Nitaandika leo leo, kabla sijalala.

Mchana ulipita, Caren hakuja. Chumba chake kilikuwa na kufuli. Nikampigia, simu ikaita, haikupokelewa. Nikapiga tena, imezimwa. Alikuwa hajaniambia anakwenda wapi. Nikajua.

Nilimpigia Shiru. "Angalia Caren yuko wapi."

"Hana job leo, Mama Sahar."

"Angalia simu yake iko wapi!"

"Siwezi. Hii mko nayo sasa haionyeshi. Inayoonyesha ndiyo hiyo wamekataa."

Rael alikuwa anafua mlangoni kwa jirani. Nilimwambia nakwenda Spring Valley, sikumwomba aje, najua magetini haendi. Aliifuta mikono kwenye leso, akanifuata. Njiani mvua ilitunyea yote na hakufungua mdomo. Rael! Sijapata kumwona amenyamaza mwendo wote huo.

Oduor alitufungulia kidirisha cha geti.

"Caren yuko ndani?"

"Hakuna mtu ameingia leo, madam."

Nyuma yake, kwenye kibanda chake, palikuwa na mwavuli wa Caren umesimamishwa ukichuruzika. Ule wa maua, ubavu mmoja umevunjika. Aliona nimeuona.

"Oduor," nilisema. "Baba. Una watoto?"

"Madam, mimi nimeandikwa kazi hapa."

Akafunga kidirisha.

Nilisimama kama mjinga. Sikujua la kufanya. Polisi wangesema tungoje, na kwenye simu sikuwa na wa kumpigia. Ndipo niliposikia kishindo pembeni yangu. Rael alikuwa ameokota jiwe la ukingo wa mtaro, amelishika kwa mikono miwili, analipiga geti.

"Caren! Ca-ren! Toka! Tunajua uko hapo! Caren!"

Geti la chuma tupu linalia kama kengele ya kanisa. Mbwa wa mtaa mzima wakaanza. Mtunza bustani wa jirani akatoka, kisha mwingine, kisha mama mmoja wa gari kubwa akasimama na kushusha kioo.

"Nini inaendelea hapa?"

"Kuna msichana amefungiwa humu!" Rael alisema. "Na mimi siondoki! Mnipige risasi, siondoki!"

Nami nikaanza kuita. Koo langu bado linakwaruza.

Sijui nani alifungua. Nadhani ni Oduor, maana geti la watembea kwa miguu liliachia na yeye alikuwa amegeuka upande mwingine. Caren alitoka anakimbia, miguu mitupu, povu mpaka kwenye viwiko. Mzee alikuwa nyuma yake barazani, amevaa sweta safi, simu ya Caren mkononi.

"Kelele ya nini? Tulikuwa tunaongea tu. Muulizeni."

Mama wa gari kubwa alimtazama mzee, akatutazama sisi, akapandisha kioo. Lakini hakuondoka mpaka tulipoondoka. Rael alikwenda mpaka barazani, akamnyang'anya mzee ile simu kama mtu anayechukua chake.

Barabarani Caren alitembea mbele yetu. Tulipofika mtoni akasimama.

"Alifunga mlango wa chumba cha kufulia. Akaweka kiti nje, akakaa. Anasema nihamie kwake, atanilipia shule. Hakunigusa. Anaongea tu, anaongea, anaongea." Akapangusa povu kwenye sketi. "Asubuhi alikuwa ameniuliza kama kuna mtu anajua niko kwake. Aliuliza vizuri tu, kama salamu. Nikasema hapana. Nilidhani anauliza ndiyo asiniharibie jina."

Jumatano, 29 Aprili

Tumekwenda kuandikisha polisi. Aliyeandika aliuliza Caren alivaa nini, na kama alikuwa amelipwa. Rael alitolewa nje.

Alhamisi, 30 Aprili

Shiru amekuja jioni, viatu vimejaa tope, akasimama mlangoni kwa Caren hakuingia. Amegundua kosa lilipo. Kulikuwa na nakala ya zamani ya app aliyoijaribia mwezi wa pili, akaisahau kwenye kona ya majaribio ya lile duka. Haina maelezo yoyote. Kila mara wakaguzi walipokuwa wanakataa, walikuwa wanakuta ile pia.

"Mimi nilisema hawaangalii," alisema. "Kumbe walikuwa wanaangalia. Ni mimi sikuangalia. Ningeitoa ile ya zamani, hii ingekuwa imepita kabla hujafungiwa. Nimekuja uisikie kwangu."

Caren alikuwa kitandani ametazama ukuta. "Sawa," alisema.

Nilitaka kumkasirikia Shiru. Nimekaa hapa najaribu mpaka sasa. Angeweza kunyamaza, hakuna hata mmoja wetu ambaye angejua.

Jumamosi, 2 Mei

Shiru aliitoa ile nakala ya zamani, na app imekubaliwa. Ujumbe ulifika asubuhi, Rael akapiga vigelegele plotini, watoto wakaitikia bila kujua ni vya nini. Nimechota toleo jipya. Likaeleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, kisha simu ikaniuliza mimi swali lile lile lililotuhangaisha msimu mzima: unaruhusu Kamba ijue ulipo kila wakati? Nikabonyeza Ruhusu. Nimewachagua Rael na Caren.

Caren amebonyeza Usiruhusu.

Nilidhani amekosea. "Rudi nyuma, ubonyeze ile ya juu."

"Sijakosea."

"Caren! Baada ya yote haya?"

"Yule mzee ana kamera kila mahali, Mama Sahar. Nikiwa jikoni anajua niko jikoni. Nikitoka choo ananiuliza mbona nimekaa. Sitaki kitu kinaniona kila saa. Hata kama ni nyinyi."

Nilipandwa na hasira, nikamwita mtoto asiye na shukrani, nikamkumbusha jiwe la Rael na kucha za Shiru zilizokatika kwa kusuka. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Rael ndiye aliyenivuta mkono. "Wacha," alisema. "Mimi pia nilipotoka Karen sikutaka mtu aniulize niko wapi."

Jumapili, 3 Mei

Caren ameingia kwangu baada ya misa. Ana kazi kesho Loresho, ya kwanza tangu siku ile. Mama mwenye watoto mapacha, mimi mwenyewe nimewahi kumfulia, hana neno.

"Naogopa geti tu," alisema. "Likifungwa nyuma yangu."

"Nitakusindikiza."

"Si utaniacha getini, urudi?"

"Sirudi. Wewe utaingia, mimi nitabaki nje."

Jumatatu, 4 Mei

Naandika nikiwa nimekaa juu ya beseni nililoligeuza, nje ya geti Loresho, mtandio umelowa. Caren aliingia asubuhi. Sina kazi leo, na kama ingekuja nisingeipokea.

Kabla hajaingia nilibonyeza ile alama ya kazi, mimi, wala si yeye. Yeye haonekani popote. Ila akiwa kule ndani na geti likimjia akilini, anafuta mikono, anafungua simu, na kwenye ramani anaona kidoa kimoja getini ambacho hakisogei.

Askari ametoka mara mbili kuniangalia. Mara ya pili akashindwa kuvumilia.

"Madam, unangoja nani?"

"Simngoji mtu," nimemwambia. "Niko kazini."